Martina Ni Mtoto wa Nani?

Editha anauza mafuta ya alizeti sokoni Singida Mjini. Mafuta hayo hutoka kwao Kinampanda, wilaya ya Iramba. Kaka yake, Calist, hulima alizeti na kuzikamua kwenye mashine ya kijijini. Kisha hujaza mafuta kwenye madumu na kuyatuma kwa basi. Mama yao, Eliza, ni mjane. Anaishi na Calist pale Kinampanda. Kazi yake kubwa siku hizi ni kufuga kuku na kumuuliza Editha kwa simu kama amekula.

Editha ni mcheshi. Ana paji pana la uso na mwanya katikati ya meno ya mbele. Akicheka, jicho la kushoto hufumba kabisa. Wateja wengi humjua kwa kicheko hicho kabla hawajamjua kwa jina.

Siku moja mteja wake mmoja alifika mezani amenuna.

"Editha, kumbe una dharau hivyo!"

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Nimekusalimia pale kwa wauza asali. Umenitazama kama hunijui."

"Mimi? Sijatoka hapa tangu asubuhi."

"Basi kuna mtu ameiba sura yako. Nenda kamwone mwenyewe."

Editha alicheka. Akamwomba jirani yake amwangalizie meza, akaenda upande wa wauza asali. Huko alimkuta mwanamke ameinama, anapanga chupa zake.

"Karibu, dada," alisema yule mwanamke bila kuinua kichwa. "Asali ya Rungwa hii. Haijachanganywa na kitu."

Kisha akainua kichwa. Wakatazamana. Paji lilikuwa lile lile. Pua ile ile. Yule mwanamke alikuwa mkubwa kidogo kwa umri, basi.

"Mungu wangu," alisema Editha.

Yule mwanamke akaanza kucheka. Mwanya ukaonekana. Jicho la kushoto likafumba.

"Unaitwa nani?" Editha aliuliza.

"Martina. Ninatoka Rungwa. Nina mume na watoto wawili huko."

"Na wazazi wako ni wa huko huko?"

Martina aliweka chupa chini. "Mama yangu alifariki. Baba yupo, mzee Festo. Ni mrina asali. Lakini hawakunizaa. Baba aliniokota stesheni ya Itigi nikiwa mdogo sana. Nilikuwa nalia peke yangu. Alinipeleka kwa viongozi, wakatangaza, hakuja mtu. Basi yeye na mke wake wakanilea."

Editha alimtazama tena usoni.

Nyumbani kwao Kinampanda kulikuwa na jina lililotajwa katika kila sala. Jina hilo ni Dorkas. Kabla Editha hajazaliwa, mama Eliza alisafiri kwa treni akiwa na watoto wawili, Calist na Dorkas. Walikuwa wanatoka Tabora kumsalimia ndugu. Treni ilisimama Itigi. Abiria wengi wakashuka kununua chakula. Eliza naye alishuka na watoto wake. Watu walisongamana. Alipogeuka, Calist alikuwepo, Dorkas hakuwepo. Eliza alifikiri mtoto amerudi ndani ya treni, akapanda kumtafuta. Alitafuta behewa moja hadi jingine mpaka Manyoni. Hakumpata. Yeye na mumewe, Yohana, walirudi Itigi mara nyingi. Yohana alikufa bila kumwona tena binti yake.

"Martina," Editha alisema, "funga hizo chupa. Twende ukamwone mama."

*

Walifika Kinampanda siku iliyofuata. Eliza alikuwa uani, anapepeta mtama kwa ungo. Aliwaona mabinti wawili wakiingia. Ungo ukamtoka mikononi. Mtama ukamwagika, kuku wakaufuata mbio.

"Dorkas!" alilia. "Dorkas wangu!"

Alimkumbatia Martina kwa nguvu. Akamshika mashavu, akamtazama, akamkumbatia tena. Martina naye alilia. Tangu utoto wake alikuwa akijiuliza kama kuna mtu duniani anayemtafuta. Sasa mikono hii haikutaka kumwachia.

Majirani walikuja. Jogoo akachinjwa. Eliza alimkalisha Martina karibu naye na kumuuliza maswali.

"Una kovu gotini? Dorkas aliungua na uji."

Martina alifunua mguu. Kovu lilikuwepo, lakini lilikuwa chini ya goti.

"Ndilo hilo!" alisema Eliza. "Mtoto akikua, kovu husogea."

Watu wakaitikia. Siku ile hakuna aliyetaka kusema vinginevyo.

Calist peke yake hakuwa na furaha. Alikaa pembeni, chakula chake kikapoa. Wageni walipoondoka, alimwendea mama yake jikoni.

"Mama, nisikilize. Kufanana siyo ushahidi. Huyu dada anasema mzee Festo hakumbuki hata mwaka aliomwokota. Je, kama siye?"

"Sura ya Editha ile huioni?"

"Naiona. Lakini una presha, mama. Ukimkumbatia leo, halafu kesho tukajua siye, utaweza?"

Eliza aliweka mwiko chini. "Calist, unataka kunipotezea mtoto mara ya pili?"

Calist aliuokota mwiko, akamrudishia. Akatoka nje.

Martina alimpigia simu mumewe, akamweleza yote. Wakakubaliana abaki Kinampanda kwa muda. Eliza alimwita Dorkas asubuhi na jioni. Alimsuka nywele. Alimpikia mlenda kila siku, akisema Dorkas aliupenda. Martina hakupenda mlenda hata kidogo, lakini aliumaliza wote.

Kijijini maneno yalianza. Wengine walimwita Martina tapeli. Wengine walisema Calist anaogopa kugawana shamba la baba yao. Maneno hayo yalimfikia, yakamuuma. Rafiki yake mmoja, Noel, akampa ushauri.

"Mbona rahisi? Kuna jamaa mjini anapima DNA. Mpelekee nywele za huyo dada na za mama yako. Usimwambie mtu. Jibu linakuja kwenye simu."

Calist aliona hiyo ndiyo njia ya kumaliza maneno. Asubuhi moja Martina alikwenda kuchota maji, akaacha kitana chake dirishani. Calist akakichukua. Akaanza kutoa nywele zilizonasa humo, akiziweka kwenye kipande cha karatasi.

"Kaka, unatafuta nini?"

Calist aligeuka. Martina alikuwa amesimama mlangoni, ndoo bado iko kichwani.

"Mimi... nilitaka tu..."

Martina alitua ndoo. Alitazama kitana, kisha ile karatasi. Akaelewa.

"Ungeniomba ningekupa," alisema taratibu. "Hata mimi nataka kujua. Lakini kwa nini uninyemelee kama mwizi wa kuku?"

Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake. Eliza aliposikia, alimfuata huku analia. Alimgombeza Calist kwa Kinyiramba, maneno yakimtoka mfululizo. Calist naye alijitetea kwa sauti kubwa. Martina alitoka na mfuko wake, Eliza ameushika upande wa pili.

*

Upande wa pili wa ua wa minyaa, jirani na Eliza, aliishi Catherine. Yeye ni afisa ustawi wa jamii, anafanya kazi Kiomboi. Alikuwa amepanga nyumba pale na alizoeana sana na Eliza. Kazi yake ni kusaidia familia zenye matatizo, wazee na watoto. Aliposikia kilio, alikuja.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Eliza alijibu, bado ameushika mfuko. "Njoo umwone Calist anavyomfukuza mdogo wake."

"Simfukuzi!" alisema Calist. "Nataka tupime DNA tujue ukweli. Ni kosa?"

"Siyo kosa," alisema Catherine. "Ila tukae kwanza. Martina, dada yangu, tafadhali na wewe ukae. Basi la leo limeshapita."

Wakakaa. Catherine aliiona ile karatasi yenye nywele.

"Hizi ulitaka kumpelekea nani?"

"Kuna mtu mjini."

"Mtu huyo ana maabara?"

"Sijui. Noel ndiye anayemjua."

"Calist, usimpelekee. Kwanza, nywele zilizokatika bila mzizi mara nyingi hazifai kwa kipimo hiki. Pili, nani atathibitisha kwamba nywele hizi ni za Martina? Kwenye kitana hiki kuna za mama pia, maana wanasukana. Tatu, sheria hairuhusu kumpima mtu mzima kwa siri. Lazima akubali mwenyewe."

Calist aliinamisha kichwa.

"Hiyo DNA yenyewe ni kitu gani?" aliuliza Eliza. "Naisikia redioni kila siku."

"Kwa Kiswahili tunasema vinasaba, mama. Viko ndani ya mwili wa kila mtu. Huwezi kuviona kwa macho. Mtoto akitungwa tumboni, hupata nusu ya vinasaba kutoka kwa mama yake na nusu kutoka kwa baba yake. Kwa hiyo mtaalamu akichukua vya mama na vya mtoto, anavilinganisha. Kama ni mtu na mamaye, ile nusu itaonekana."

"Na sura?"

"Sura inadanganya. Watu wasio ndugu wanaweza kufanana sana. Na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane kabisa. Mtazame Calist na Editha."

Martina alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Calist ni mrefu, mwembamba, na hajawahi kuwa na mwanya.

Eliza alitikisa kichwa. "Mimi sihitaji mashine iniambie mwanangu ni nani. Moyo wangu umeshaniambia."

Catherine alisogeza kigoda karibu naye. Akamshika mkono.

"Mama, nikuulize kitu. Usinikasirikie. Kama huyu siye Dorkas, basi Dorkas yuko wapi?"

Eliza alimtazama.

"Leo umeacha kumtafuta," Catherine aliendelea, "kwa sababu unaamini amerudi. Kama amerudi kweli, tutamshukuru Mungu pamoja. Lakini kama bado yuko mahali fulani, nani atamtafuta? Na kuna jambo jingine. Kama Martina siye Dorkas, basi huenda kuna mama mwingine anamlilia Martina, kama wewe ulivyomlilia mwanao."

Eliza aliuachia mfuko. Alifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Hilo sikuwa nimelifikiria," alisema. Kisha akamgeukia Martina. "Wewe unasemaje, mama?"

"Mimi nataka kupima," alisema Martina. "Hata jibu likiwa baya. Nimechoka kubahatisha."

Jioni ile Martina alimpigia simu mzee Festo. Alimweleza kila kitu.

"Pima, mwanangu," alisema mzee. "Kama mama yako yupo, nitamshukuru kwa kunizalia mtoto. Mimi sina wivu. Ila nakuomba kitu kimoja."

"Nini, baba?"

"Usibadilishe namba ya simu."

*

Catherine aliwapeleka ofisini kwake Kiomboi. Huko aliwaeleza utaratibu. Mtu haendi tu maabara na kusema nipimeni. Ombi hupelekwa na wanaotambuliwa na sheria, kama vile mahakama, polisi, wakili au afisa ustawi wa jamii. Yeye mwenyewe angewaombea. Kipimo kina ada, na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali.

"Msimpe mtu yeyote fedha mkononi," alisisitiza. "Hata mimi."

Kisha aliongea na kila mmoja peke yake. Alitaka kujua kama kila mmoja amekubali kwa hiari. Baadaye aliwakalisha pamoja.

"Jibu linaweza kuwa ndiyo. Linaweza kuwa siyo. Nataka kila mmoja aniambie atafanya nini likiwa siyo."

Editha alisema atalia, halafu ataendelea kumwita Martina dada. Calist alisema atamtunza mama. Eliza alijibu wa mwisho.

"Nitamwomba Mungu anipe nguvu," alisema. "Ila sitamfukuza mtu nyumbani kwangu."

Walisafiri hadi Dodoma, kwenye ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Eliza alivaa kitenge chake cha kanisani. Njia nzima alikuwa na hofu ya sindano. Walipofika, mtaalamu aliwapokea vizuri. Alikagua vitambulisho vyao, akawapiga picha, akawaeleza tena kile watakachofanyiwa. Eliza na Martina wakatia saini kwamba wamekubali.

Mtaalamu alivaa glavu mpya. Akafungua kijiti chenye pamba laini.

"Fungua mdomo, mama."

Alisugua pamba ndani ya shavu la Eliza, upande huu na upande ule. Kisha akaiweka kwenye bahasha, akaifunga na kuandika.

"Tayari."

"Tayari?" Eliza alishangaa. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Pamba imechukua chembe ndogo za mwili kutoka ndani ya shavu lako. Vinasaba vimo humo. Wakati mwingine tunatumia damu, lakini hii inatosha."

"Na mimi nilivyokosa usingizi kwa ajili ya sindano!"

Martina alicheka. Jicho la kushoto likafumba. Eliza alimtazama kwa upendo, kisha akatazama pembeni haraka.

Mtaalamu alibadilisha glavu kabla ya kumgusa Martina. Calist aliuliza sababu.

"Ili vinasaba vya mmoja visichanganyike na vya mwingine," alijibu. "Tukichanganya, jibu litakuwa la uongo. Na majibu yakitoka tutampa afisa aliyeleta ombi. Hatuyatangazi kwa watu."

*

Sasa ikabaki kusubiri. Wakati huo alizeti zilikuwa zimekauka shambani. Martina alikwenda kuvuna pamoja na Calist. Mwanzoni walifanya kazi bila kuongea. Siku moja Calist alisimama katikati ya shamba.

"Martina, kuhusu kile kitana. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ila ulinitisha. Nilifikiri unanipeleka kwa mganga."

Wakacheka wote wawili. Toka hapo walizungumza sana. Martina alimuuliza kwa nini hana mizinga ya nyuki wakati ana shamba zuri namna ile.

"Nyuki wakitembelea maua ya alizeti, mbegu zinajaa vizuri," alimweleza. "Halafu unapata na asali. Unaacha mali bure, kaka."

Alimwonyesha pa kutundika mizinga, mbali na njia ya watu na mifugo. Walitundika miwili ya kuanzia. Calist aliumwa na nyuki sikioni, na sikio likavimba kama andazi. Martina alimpaka dawa huku akijizuia kucheka. Calist alimsimulia kila mtu mkasa huo. "Dada yangu ndiye aliyenitibu," alikuwa akisema.

Kisha Catherine akapiga simu. Majibu yalikuwa yamefika.

Siku ile mzee Festo naye alikuja Kiomboi. Alikuwa ametoka Rungwa, akalala Singida, akafika na ndoo ya asali begani. Alikuwa mzee mfupi mwenye viatu vilivyosafishwa vizuri. Alimpa Eliza mkono kwa heshima.

"Mama Calist, nimekuletea asali. Siku zote hizi umenitunzia mtoto."

"Wewe ndiye uliyemtunza, baba. Mimi nimekula tu jasho lako."

Waliingia ofisini, wakakaa. Catherine alifunga mlango. Hakuzunguka.

"Nitawaambia moja kwa moja, halafu tutaongea kwa kadiri mnavyotaka. Vipimo vinaonyesha kwamba mama Eliza siye mama mzazi wa Martina."

Editha alijifunika uso. Eliza alikaa vile vile, mikono imelala mapajani.

"Hakuna makosa?" aliuliza Calist.

"Wataalamu hulinganisha sehemu nyingi za vinasaba, siyo moja. Mtu na mamaye huafikiana katika sehemu hizo. Mama na Martina wametofautiana katika sehemu nyingi. Jibu halina shaka. Pole sana, mama. Pole, Martina."

Martina alisimama. Akafungua mlango, akatoka nje. Mzee Festo alitaka kumfuata. Eliza akainua mkono.

"Baba Martina, niache mimi niende."

Alimkuta ameketi kwenye ngazi za jengo, amekumbatia magoti yake. Eliza aliketi karibu naye polepole, maana magoti yake yeye yanauma.

"Nisamehe, mama," alisema Martina. "Nimekupa matumaini ya uongo."

"Hujanipa wewe. Mimi mwenyewe nilikuwa na njaa nayo."

"Umenipikia. Umenisuka. Na mimi siyo mwanao."

Eliza alitoa leso, akampangusa machozi kama mtoto. Kisha akajipangusa yeye.

"Nimekuita Dorkas siku zote hizi. Nimekosa. Dorkas ni jina la mwanangu, na bado sijamwona. Wewe una jina lako, ulilopewa na watu wema. Martina." Alilisema taratibu, kama anayelijifunza. "Martina, simama twende nyumbani ukale. Leo nakupikia mlenda."

Martina alisita kidogo.

"Mama, kwa kuwa leo ni siku ya ukweli... mlenda sipendi."

Eliza alimtazama kwa mshangao. Halafu akaanza kucheka, machozi bado yanatiririka. Alicheka mpaka Calist akatoka nje kuona kuna nini. Alisimama mbele yao, hajui aweke wapi mikono.

"Sasa utarudi Rungwa moja kwa moja?" alimuuliza Martina. "Mizinga nani ataiangalia? Na mimi..." Alikohoa. "Mimi nilikuwa nimeshazoea kuitwa kaka."

"Nani amekuambia nimeacha?" alisema Martina.

*

Kabla hawajaondoka Kiomboi, Catherine alifanya kazi nyingine mbili. Alipokea upya taarifa za Dorkas: alipotea wapi, alikuwa na umri gani, alivaa nini. Alipokea pia taarifa za Martina: aliokotwa wapi, na nani, katika hali gani. Akasaidiana na polisi na maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya nyingine. Matangazo yakasomwa redioni. Safari hii hayakutaja mtoto mmoja tu. Yalitaja wawili.

Maneno ya shamba yalikwisha kijijini. Hakuna aliyemwita tena Calist mchoyo, wala aliyemwita Martina tapeli. Eliza alilala vizuri zaidi. Alirudi kumtaja Dorkas katika sala, na baada yake alimtaja mama wa Martina, ambaye hamjui. Mzee Festo alikaa Kinampanda kwa muda mzuri. Alipoondoka alikuwa amefundisha watu kadhaa kutengeneza mizinga. Martina alirudi kwa mumewe na watoto. Lakini kila alipoleta asali Singida, alipita Kinampanda. Watoto wake walimwita Eliza bibi. Mtu akiuliza, Eliza alijibu, "Ni wajukuu zangu. Siyo wa damu, ni wa nyumbani."

Siku moja Martina alifika bila kutarajiwa. Hakuwa na asali. Alikaa jikoni, akanywa maji, akanywa tena.

"Mama, nimepigiwa simu. Kuna mama anaitwa Agripina, anaishi Manyoni. Alisikia tangazo redioni. Alipoteza mtoto wa kike Itigi. Analia tu kwenye simu."

Eliza aliacha kuchambua mboga. "Ukamwambiaje?"

"Anataka nimfuate leo leo. Amesema anajua kabisa ni mimi. Nimemwambia, shikamoo mama, pole sana, na mimi natamani iwe hivyo. Lakini tutaanza kwa afisa ustawi wa jamii, tupime wote wawili, ndipo tuitane mama na mwana. Ameshakubali. Kwanza alinuna kidogo."

"Hata mimi nilinuna."

"Nakumbuka."

Eliza aliendelea na mboga yake.

"Utakwenda na nani?" aliuliza.

"Nilikuwa nataka kukuomba wewe. Baba Festo amesema miguu inamsumbua. Utaweza?"

"Kwani kuna mtu mwingine wa kukusindikiza?" Eliza aliinuka, akaanza kutafuta kitenge chake cha kanisani. "Mwambie huyo mama Agripina asiogope sindano. Ni pamba tu."

"Nitamwambia."

"Na mwambie hivi. Kama wewe si mwanae, utarudi hapa na mimi, na yeye tutamsaidia kutafuta."

"Na kama mimi ndiye?"

Eliza alijifunga kitenge, akakikaza vizuri kiunoni.

"Kama ndiye, asifikiri nimekuja kukurudisha kwake moja kwa moja," alisema. "Mwambie kabisa, tutagawana."